Panya na Kurasa Mia Mbili

Panya alikuwa akisoma nje, kwa sababu shimo lake lilijaa vitabu vya wahenga kuhusu utawala na haki. Mara Kuku akamjia mbio na vifaranga sita, mwewe akiwa juu yao.

"Mwalimu, toa vitabu kidogo watoto wajifiche!"

"Ngoja, mama. Nasoma kwa nini mnyonge alindwe. Zimebaki kurasa mia mbili tu."

Kuku akampokonya kitabu, akakisimamisha kama paa, watoto wakajibanza chini yake. Mwewe akagonga jalada, akapaa, kisha akamgeukia Panya.

"Nifunikeni!" Panya akalia.

"Ngoja, mwalimu," kifaranga mdogo akajibu. "Bado tunasoma."

Kuku akamdonoa mwanawe kichwani, akainua jalada.

"Ingia, mwalimu. Kurasa zilizobaki zinasema hivi."