Tundu la Ngazi

Tangu asubuhi mstari wa chaki ulikuwa umehama mara saba, na sasa mapacha walikuwa wamelala ndani yake, mmoja mbele ya mwenzake, kuonyesha urefu wa tundu la ngazi.

"Inukeni, mtakatwa," alisema fundi.

"Kata tu! Tutashuka wenyewe!" Wakaviringika sakafuni wakicheka hadi magauni yakawa meupe.

Jengo lilikuwa la ghorofa moja: chini duka la ushonaji, juu vyumba vitatu vya kulala. Ngazi pekee ilikuwa nje, nyuma ya jengo, kwenye jua na mvua. Kazi ya fundi ilikuwa kuligeuza lote kuwa nyumba moja ya familia. Dirisha kubwa la duka lilikwishazibwa nusu, kaunta ilikwishang'olewa, bomba la jikoni lilikwishapitishwa palipokuwa na chumba cha kujaribia nguo. Lakini bila ngazi ya ndani, aliwaambia wenye nyumba siku ya kwanza, mtabaki na duka lisilouza chini na watu juu, basi. Na mashine ya kukatia zege ilikuwa inaondoka saa sita kwenda kazi nyingine, isirudi hadi baada ya miezi miwili.

Ilikuwa saa nne.

"Ngazi ishukie mbele, kwenye mwanga," alisema baba wa mapacha.

"Ili mgeni akifungua mlango akutane kwanza na soksi zako?" Mshonaji mwenye duka, ambaye mtaa mzima hadi mapacha walimwita Bi Mkasi, alifuta mstari kwa kiganja, akachora mwingine kwa chaki yake bapa. "Nyuma."

"Nyuma kuna giza. Nitavunjika shingo."

"Utashika reli kama watu wazima wenzio."

Fundi aliwasha sigara, akasubiri. Kwa miaka thelathini ya kuingia majumbani mwa watu alikuwa amejifunza jambo moja: wachumba huulizana, wanandoa hukatazana. Hawa alikuwa amewakadiria miaka kumi na tano, haupungui hata mmoja. Walikuwa wamegombana siku mbili nzima juu ya kitanda kikae upande gani wa dirisha. Mkataba wake ulikuwa na majina mawili tofauti ya ukoo, lakini hata mkewe yeye hakuwahi kubadili lake. Jioni Bi Mkasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua mkoba na kutoka, na asubuhi wa kwanza kuingia. Fundi alimhesabu kuwa mwanamke mwenye shughuli nyingi.

"Upana sentimita themanini zinatosha, mama?"

"Hazimtoshi huyu," alijibu bila kuinua macho. "Mabega hamsini na moja, na ukimpa kikapu cha nguo itabidi apite kiubavu. Weka tisini. Kiuno sikitaji mbele za watu."

"Kiuno kimepungua!" alilalamika baba wa mapacha.

"Hakijapungua. Kimehamia juu ya mkanda."

Fundi aliandika tisini. Mwanamke anayejua kiuno cha mwanamume kwa kichwa, alijisemea, hajaanza jana.

Saa nne na nusu baba wa mapacha alinyoosha mikono. "Haya. Nyuma."

"Hapana, nimefikiri. Mbele. Kuhusu mwanga ulisema kweli."

"Na soksi zangu?"

"Nitazizoea."

"Lakini mimi nimeshaanza kupapenda nyuma!"

"Mbele!"

"Nyuma!"

Mapacha walicheka hadi mmoja akashikwa na kwikwi. Fundi alipita katikati ya wagombanaji wawili, akapiga magoti katikati ya chumba, akachora mstari wa mwisho kwa rangi nyekundu isiyofutika.

"Hapa. Na nikikata nimekata. Zege likikatwa halirudi."

Baba wa mapacha aliuinamia mstari. "Halirudi kabisa?"

"Kwani ni suruali, useme utaishona tena?"

Bi Mkasi alizungusha futi yake ya kupimia shingoni, akasema ana mapazia ya watoto ya kumalizia, akateremka kwa ngazi ya nje.

Mashine ilinguruma. Kuta zilitetemeka, maji yakachuruzika meupe, vumbi likapanda hadi darini. Chini, nguzo za muda zililibeba pande la zege, na saa sita kasoro dakika kumi wasaidizi wakalishusha taratibu kwa minyororo. Mwanga wa juu ukamwagika dukani kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe. Ukamwangukia Bi Mkasi, pazia mkononi, pini mbili mdomoni.

Mapacha waliinama tunduni wakapiga mayowe wasikie mwangwi. Baba yao alipiga magoti ukingoni. Fundi alidhani ameangusha kitu.

"Bi Mkasi."

"Kama ni rangi ya reli, nimesema nyeupe."

"Si reli." Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. "Miaka sita unanishonea suruali. Mwaka huu mzima tumegawana vyumba, tumegombania kitanda, tumegombania soksi. Sasa naona kuna swali moja tulilisahau. Utakubali nikuoe?"

Mapacha waliinua vichwa kutoka tunduni. Fundi alinyoosha mkono kuizima mashine, akakumbuka alikwishaizima.

Bi Mkasi alitoa pini mdomoni, moja, kisha ya pili.

"Dari yangu umeshaitoboa, ndiyo kwanza unaposa?" alisema. "Fundi, niletee ngazi ya mbao. Jibu lake nitampa huko huko juu."