Bangili ya Kuazima
Uvumi ulimganda Mwanakheri: ati sindano ya kinga ya mapafu humsahaulisha mtoto harufu ya mamaye. Lakini mtoto asiyechomwa, bangili anayovishwa kliniki huwaka nyekundu badala ya kijani, na hakuna ndugu anayeruhusiwa kumpakata. Basi siku ya arobaini akamvisha Shaali, mwanawe njiti, bangili ya kijani ya mtoto wa wifi yake, aliyoiazima.

"Nipeni mume wangu nimbusu," bibi alitania huku akikohoa. Ndugu wakampokezana.

Siku tatu baadaye kifua cha Shaali kikawa kinabonyea kila akivuta pumzi.

"Bangili inasema ana kinga, mama. Tutafute ugonjwa mwingine," nesi akasema kule kliniki.

Mwanakheri akavuta mkono wa nguo ya Shaali, akaifunika bangili.

Mwenye kichanga, epuka:
kuahirisha sindano kwa maneno ya jirani;
kuazima bangili;
kumpakatisha mwenye kikohozi;
kumficha nesi ukweli.