Mlango Unamjua Mmoja

Serikali ilipotaka kila mume awe na faili moja tu la familia, nyumba zetu mbili ziliunganishwa kwenye mfumo mmoja, tukahamia pamoja. Mimi na mke mwenzangu Bisiti, kila mmoja ana binti aliyepewa jina la mama mkwe wetu, Mwanahawa. Mfumo ukagoma: jina moja, baba mmoja, mtu mmoja. Ukakata maji na umeme mpaka mume wetu alipobonyeza "Bakiza mpya".

Jioni mlango ulimfungulia wangu, aliye mdogo. Wa Bisiti akaweka kidole, mlango ukajibu kwa upole: "Mwanahawa yumo ndani."

"Mama mdogo, nifungulie, ni mimi!"

Mama yake hajarudi kutoka kazini. Nikimfungulia kwa mkono, mfumo utamsajili upya, yeye ndiye awe mpya, umfute wangu.

Nikaongeza sauti ya redio, nikampakulia mwanangu wali.