Hadubini ya Nne

Kengele ililia, na Bahiya akaisogelea hadubini ya nne kama anayekwenda kuzikwa. Mtihani huu alishafeli mara mbili. Akifeli tena, chuo kinamfukuza. Kila hadubini ilikuwa na kioo chenye kipande cha nyama, na mwanafunzi alitakiwa kutaja ni cha kiungo gani. Sheria ilikuwa moja: tazama, andika, usiguse.

Akafumba jicho moja, lingine akalibandika kwenye tundu. Alhamdulillahi! Vijidole vyembamba, vimejipanga safu, kama vya kitabuni. Akaandika: "Utumbo mdogo."

Akarudi kuvitazama, akapepesa jicho. Vijidole navyo vikapepesa.

Kumbe alikuwa akizisoma kope zake mwenyewe! Alipojivuta nyuma kidogo aliona mwanga mweupe mtupu. Mtu alikuwa amekisogeza kile kioo chenye nyama.

"Mwalimu," akanong'ona, "humu hamna kitu."

"Binti, wenzako wote waliokutangulia wameandika," Mwalimu Kisanga akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe macho umeyaacha bwenini?"

Nyuma yake Shomvi, bingwa wa darasa, akacheka. "Pisha, dada, wenye macho tuone."

Kengele ya kuhama ikalia. Bahiya akalikata jibu lake, akaandika, "Sioni kitu," akapisha.

Shomvi akainama, akatabasamu, akaanza kuandika kwa mbwembwe. Alikuwa na kope ndefu sana, Shomvi.