Akivua Saa

Wanafunzi wa karate wa Mwalimu Mwanaidi hufundishwa kuanguka kwanza, ndipo ngumi. Lakini aliyeingia leo, jicho limevimba, alikuwa Hidaya, mke mpya wa mwanamume aliyemvunja Mwanaidi taya kisha akamwacha. Miaka yote Mwanaidi alitamani kupata mkono wa kumlipizia ndani ya nyumba ya mwanamume yule.

"Kuanguka umeshakujua," alimwambia. "Wewe utaanza na kupiga."

Akavaa saa ya kiume, akasimama kando ya meza mbele ya Hidaya, akaanza kuifungua polepole.

"Akivua saa, usingoje aiweke mezani."

Hidaya aliganda. "Mwalimu, habari za saa sijamwambia mtu."

Mwanaidi alijipapasa taya. "Tena."

Akaivaa upya, akaanza kuifungua. Safari hii saa haikufika mezani.