Kikombe cha Ipogolo

Lori lilikuwa limeshaondoka Uyole, na Isakwisa bado alikuwa analikimbilia, viatu mkononi. Muhidini, dereva, akachungulia dirishani akicheka. "Unakwenda Iringa kushindana mbio, na lori bovu kama hili linakushinda!"

Mzee Kalinga, mwalimu wake wa mbio, akamvuta juu, akamfunika blanketi.

"Pole, mwanangu. Jana nimekuchosha."

Alikuwa amemchosha kweli. Kutwa nzima alimpandisha na kumshusha milima, mvua ikinyesha, mpaka miguu ikakataa. Ambrosi, kijana wa Kilutheri asiye na maneno, ambaye Mzee alimleta juzi juzi tu, alizungushwa kidogo akaambiwa imetosha.

"Tegemeo ni wewe," Kalinga alisema. "Huyu ni wa kujazia."

Mshindi wa Iringa angepelekwa Dar es Salaam, na huko angeandikwa kazi. Isakwisa alikuwa amechoka kubeba magunia ya viazi vya watu. Mkewe, Lea, alikuwa mjamzito, na baba mkwe alishasema: mume akikosa kazi ya maana, binti anarudi nyumbani.

Njia nzima Kalinga, askari wa zamani, alirudia somo lake. "Mtu akishakimbia mbali sana, mwili unabaki bila mlango. Mafua yakipita jirani tu, yanaingia. Usishike mkono wa mtu. Usinywe kikombe cha mtu." Abiria akipiga chafya, Mzee alimhamishia Isakwisa upande wa pili.

Walifika Ipogolo, pembeni mwa Iringa, hoi, wakafikia kwa Mama Rozalia, muuza ulanzi, pombe ya mianzi. Mama mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, macho mekundu, pua inachuruzika. Alimletea Ambrosi uji wa moto bila kumuuliza kama anakunywa pombe. Kisha akachota ulanzi, akaonja kwanza yeye, kama mwenyeji anavyotakiwa, ili mgeni ajue hakuna sumu. Akamnyoshea Isakwisa kikombe.

"Shikamoo, mama. Ahsante, lakini mimi kesho kutwa nina mbio."

"Ati nini?" Rozalia akakohoa. "Wanyakyusa siku hizi mmekuwa Wazungu? Au umeniona mchawi?"

Wanywaji wakaangua kicheko. Kalinga akainama sikioni mwa Isakwisa. "Kunywa, mwanangu. Ukikataa kikombe alichoonja mwenyeji, leo hatulali hapa."

Isakwisa akanywa. Alikuwa na kiu, na ulanzi ulikuwa mtamu. Akamaliza wote.

Siku ya mbio alilala mkekani, kifua kinawaka, hata kukaa hawezi. Mzee alimkanda mgongo mpaka jua likapanda, ndipo akaenda uwanjani na Ambrosi.

Yaliyobaki ni machache. Muhidini aliendesha lori lake mpaka likamfia njiani, akafungua duka Ilomba. Lea alirudi kwao, akajifungulia huko, akaolewa na mwingine. Isakwisa alirudi kwenye magunia, na mpaka uzeeni aliwaambia watu kwamba hata baba mzazi hakuwahi kumtunza kama Kalinga. Ambrosi alishinda, akaenda Dar es Salaam, akaandikwa kazi, akajenga nyumba ya bati Ipogolo. Humo ndimo walimozeekea mama yake, Rozalia, na mjomba wake, Kalinga.