Kila Mtu Mlimani Kivyake

Tetemeko lilipokoma, Shunpei alimkuta mama yake sebuleni, amelala juu ya mikeka, mguu umebanwa na boriti ya paa pamoja na kabati la ibada lenye picha ya marehemu baba.

"Miaka arobaini alinikalia kichwani," mama akasema huku akihema. "Leo kanikalia mguuni."

Shunpei akacheka bila kutaka. Aliinama akainua tena, mara ya tatu sasa. Boriti haikusogea hata kidogo. Kiganja kilichubuka, damu ikamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Nje, kipaza sauti cha mji kilikuwa kikirudia: wimbi linakuja, zimebaki dakika kumi, pandeni mlimani. Barabarani hakukuwa na mtu wa kuitwa.

"Umesikia? Nenda."

"Nijaribu mara moja tu, Mama."

"Mbishi tangu utotoni! Shuleni mlifundishwa nini?"

Alijua. Kila mtoto wa pwani ile hufundishwa: bahari ikija, kila mtu mlimani kivyake. Usimrudie mama, usimrudie mwana.

"Sema nikusikie."

"Kila mtu kivyake," akasema.

"Haya. Na usigeuke nyuma, utaanguka. Unakimbia kama bata."

Shunpei akasimama, akautazama mlango. Kisha akatazama buti zake zenye tope, juu ya mikeka ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga kwa viatu.

"Unasubiri nini?" mama akauliza.

Akaketi kando yake, akaanza kufungua kamba za buti.